Siku Tisini

Barua ya mfuko wa pensheni ina kidirisha cha plastiki
na jina la mama linachungulia: HUDAK, BERNADINE T.
Ndani ni ukurasa mmoja na nusu, na chini kabisa
namba iliyokaa kama uzito wa nyama mizanini:
29.50.

Kanuni ni hii. Nimeisoma mara tatu
kahawa ikipoa, theluji ya viatu ikilowesha zulia:
siku mia na themanini ni mwaka.
Mwaka wa mwalimu hauna Julai,
hauna Krismasi, hauna zile Jumamosi
alizoketi meza hii hii na kalamu nyekundu
akisahihisha sehemu zenye asili tofauti.
Chukua siku alizolipwa, gawa kwa mia na themanini.
Jumlisha miaka, izidishe kwa asilimia mbili,
kisha kwa wastani wa mishahara mitatu ya mwisho.
Ukifika thelathini unaondoka mzima.
Usipofika, wanakukata kidogo kila mwezi
mpaka unakufa.

Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba hiki kina nukta ya desimali
na hupimwa mfuto, bila kilele.

Nikashuka na kidole mstari kwa mstari.
1984: 1.00.
1985: 1.00.
Mwaka wa mgomo: 1.00, maana zile siku walizifidia Juni,
darasa likiwa tanuri, watoto wakisinzia midomo wazi.
1988: 0.50.
Likizo bila malipo, siku tisini.

Nilizaliwa mwisho wa Januari mwaka ule.
Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu.
Nusu inayokosekana ni mimi.

Nikampigia Bwana Rausch wa ofisi ya mfuko,
mwenye sauti ya mtu anayekula biskuti kwa siri.
Siku hizo zinanunulika, akasema.
Wakati ule zingekuwa dola mia saba na kitu;
sasa, pamoja na riba, elfu tatu mia mbili kumi na nane.
Miaka ishirini na sita nilikuwa nikirefuka,
nalo deni linarefuka pembeni yangu
kama pacha nisiyejulishwa.

Nikamwambia mama, nitalipa mimi.
Hakuacha kumenya viazi.
"Hizo nilishazilipa," akasema.
"Sinunui mtoto mmoja mara mbili."

Akapanda darini, akashuka na boksi la viatu.
Vipande vya mshahara vya mwaka kabla hajaajiriwa,
aliposhikilia vipindi vya wengine wilaya ya jirani:
siku arobaini na moja. Shule ile sasa ni ghala la mazulia,
lakini daftari la malipo lilinusurika, na mtu akaligongea muhuri.
Kisha siku za ugonjwa ambazo hakuugua,
au aliugua akaenda hivyo hivyo, sauti imekauka,
akifundisha kutwa nzima kwa chaki bila neno:
thelathini na nane.

Zikabaki kumi na moja.

Akazifuata Septemba, darasa la tano,
akimshikia nafasi kijana aliyevunjika mguu.
Kila jioni alichora kijiti kimoja kwenye mlango wa friji.
Cha kumi na moja alikichora akiwa bado na koti,
akaenda kulala saa moja na nusu.

Jana imekuja barua ya pili. Bwana Rausch amejumlisha:
0.23, 0.21, 0.06.
30.00.
Mama akavaa miwani, akatafuta kalamu nyekundu,
akagawa kila moja upya nyuma ya bahasha
na kuona walipopandisha, walipoteremsha.
Akaweka vema.
Kisha pembeni mwa jumla, kwa mwandiko ule ule
uliowatisha wana na baba zao,
akaandika: Onyesha njia.